Jaketi la Kuokoa Maisha Si Mto wa Kukalia

Likizo na sikukuu zinapofika, wakazi wengi wa Lamu hupanda boti kwenda matembezi: kutoka mjini hadi Shela, kuvuka hadi Manda, au safari ndefu zaidi ya kuelekea Pate na Kiwayu. Mara nyingi majaketi ya kuokoa maisha yamo botini, lakini yamerundikwa chini ya viti au yamekaliwa. Jaketi la namna hiyo halimwokoi mtu.

Boti ndogo ikipinduka, hupinduka ghafla. Aliyeanguka majini huwa anapigwa na mawimbi usoni, na anahitaji mikono yote miwili ili asizame. Kutafuta jaketi na kulifunga wakati huo ni vigumu hata kwa anayejua kuogelea. Aliyelivaa mapema huendelea kuelea hata akichoka.

Kabla ya boti kung'oa nanga, hakikisha mambo haya:

• Kila abiria amevaa jaketi lake, na vifungo vyote vimefungwa. Wanaovaa buibui au kanzu walivae juu ya nguo hizo.

• Jaketi linakutosha. Mwambie mwenzako alivute juu mabegani. Likipanda hadi masikioni, limelegea au ni kubwa mno.

• Mtoto amevaa jaketi la watoto. Akivalishwa la mtu mzima, anaweza kuchomoka akiingia majini.

• Boti haijajaa kupita kiasi. Uzito ukizidi, boti huzama zaidi, na hata wimbi dogo huweza kumwaga maji ndani.

• Mtu aliyebaki nyumbani anajua mnakoenda, mko wangapi na mtarudi saa ngapi.

Mkiwa safarini, kaeni chini. Watu wakisimama upande mmoja kupiga picha, boti huinama na inaweza kupinduka.

Msimu wa kusi, ambao kwa kawaida huwa kati ya Aprili na Septemba, unahitaji uangalifu zaidi. Maji yanapokupwa yakikutana na upepo unaovuma kutoka baharini, mawimbi huwa mafupi na makali, hasa kwenye milango ya bahari. Sikilizeni utabiri wa Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa. Nahodha akisema bahari imechafuka, msimshurutishe aondoke.

Boti ikipinduka, ishikilieni na mkae pamoja. Msijaribu kuogelea hadi ufuoni, kwani nchi kavu huonekana karibu kuliko ilivyo, na waokoaji huiona boti kwa urahisi kuliko kichwa cha mtu mmoja. Wekeni simu kwenye mfuko usioingiza maji na mpige 999 au 112. Manahodha wenye redio ya VHF waombe msaada kupitia chaneli ya 16.

Usione haya kumwambia nahodha, "Naomba jaketi langu." Lidai ukiwa bado gatini.