PIN yako ni yako, hata nyumbani

Ukisikia dhuluma dhidi ya wanawake, pengine unafikiria kofi na ngumi. Lakini kuna ile isiyoacha alama: mume anakaa na simu ya mkewe, PIN anaijua, na kila pesa ikiingia anaitoa yeye. Mama akitaka nauli ya kliniki, lazima aombe. Siku akiamua kuondoka, ataondoka na nini?

Hiyo pia ni dhuluma. Sheria ya Kenya ya mwaka wa 2015 kuhusu dhuluma za nyumbani inataja dhuluma ya kiuchumi, na aliyedhulumiwa anaweza kuomba korti impe amri ya ulinzi.

Simu hiyo hiyo inaweza kusaidia. Tarehe 27 Januari 2024, wito uliosambaa mitandaoni kwa #EndFemicideKE ulitoa maelfu ya watu barabarani Nairobi, Mombasa na Kisumu kupinga mauaji ya wanawake. Kwako wewe, anza na haya:

Linda PIN yako. Usimpe mtu, na sisi hatutakuuliza kamwe. Epuka mwaka wako wa kuzaliwa. Wa nyumbani wataukisia haraka.

Pima kabla ya kuibadilisha. Kama unaishi na mtu anayekupiga, kubadilisha PIN ghafla kunaweza kumchochea. Ongea kwanza na 1195. Ni bure, saa 24, hata kama huna salio. Simu yako ikikaguliwa, tumia ya rafiki.

Weka ushahidi. Usifute jumbe za vitisho. Hata zile za kutoa na kutuma pesa zinaonyesha tarehe, saa na kiasi. Mtumie nakala mtu unayemwamini. Kumtisha mtu mtandaoni ni kosa chini ya sheria ya uhalifu wa mtandao ya 2018.

Ukibakwa, wahi hospitali. Dawa za kuzuia virusi vya ukimwi zinafaa kuanzwa ndani ya saa 72. Usioge kwanza, na nguo ulizovaa zibebe kwa mfuko wa karatasi.

Na wewe jirani, ukisikia mayowe usiseme ni mambo ya watu wawili. Piga 999 au 112.

Hifadhi 1195 kwenye simu yako leo, kisha umtumie dada, shangazi au rafiki. Huenda yeye ndiye anaihitaji.