Kipenzi cha Utotoni Hakizeeki

Askari arudipo likizo Gatete, karibu na Rumonge, akaketi kuunda mtumbwi mdogo kwa kuti la mchikichi kama afanyavyo mtoto, asichekwe. Moyo uliochoshwa na kazi hupumzika penye mazoea ya zamani.

Kusini mwa ufuko huo, nchini Tanzania, ndiko Gombe, alikofika Jane Goodall mwaka 1960, akiwa na miaka 26, kuwachunguza sokwe. Mapenzi hayo yalianza utotoni: sokwe wa kuchezea aliyepewa na baba yake mwaka 1935 alimtunza hata ukubwani.

Basi, mama, usikitupe kisanduku cha mumeo chenye ndoana na nyuzi kuukuu. Jioni moja ziwani pamoja na watoto yaweza kumpa utulivu ambao pombe haitampa kamwe.