Je, Wajua Printa Yako Inaweza Kuhama Bila Kusogezwa?

Igogo ni kata ya jijini Mwanza iliyopanda mlima karibu na Ziwa Victoria, nyumba zake zikiwa zimejipenyeza katikati ya majabali. Katika mitaa ya namna hii mgeni huelekezwa kwa jabali, kwa duka, au kwa jina la mwenye nyumba. Mwaka 2022, kabla ya Sensa ya Watu na Makazi ya tarehe 23 Agosti, operesheni ya anwani za makazi ilipita nchi nzima ikizipa barabara majina na nyumba namba.

Sasa ingia katika duka la stesheneri la mtaani: kompyuta mbili, printa moja, ruta ya Wi-Fi ukutani na simu za wateja. Humo namo kila kifaa kina namba, ila namba hizi hazijabandikwa popote, na zinaweza kubadilika kwa usiku mmoja.

Je, wajua kila kifaa kina anwani mbili? Ya kwanza ni anwani ya MAC, ambayo printa hutoka nayo kiwandani. Ina biti 48, huandikwa kwa tarakimu na herufi 12, na kwa kawaida nusu yake ya kwanza humtambulisha mtengenezaji. Ya pili ni anwani ya IP, mfano 192.168.1.20. Hii haitoki kiwandani. Kifaa huipata kinapojiunga na mtandao.

Mfumo wa namba hizo nne zilizotenganishwa kwa nukta ulikamilishwa mwaka 1981. Unatoa anwani 4,294,967,296 tu, pungufu ya idadi ya watu duniani leo. Ndiyo maana Februari 1996 mafungu matatu yalitengwa rasmi kwa matumizi ya ndani, likiwemo lile linaloanza na 192.168. Printa ya Igogo, ya Kampala na ya Muscat zote zinaweza kuwa 192.168.1.20 kwa saa ileile bila kugongana, kwa sababu namba hiyo haivuki nje ya mtandao wake. Kwenye intaneti vifaa vya duka zima huonekana kwa anwani ya umma. Anwani za umma za Afrika husimamiwa na AFRINIC, yenye makao yake Mauritius.

Ndani ya duka, mgawaji ni ruta. Kifaa kikijiunga, ruta hukiazima namba iliyo wazi kwa muda maalumu. Kwa simu ya mteja utaratibu huu unafaa sana. Kwa printa ni balaa. Umeme ukikatika na kurudi, baadhi ya ruta husahau zilimpa nani nini. Printa ambayo anwani yake iliishia na 20 huamka ikiwa na 23. Kompyuta huendelea kutuma kazi kwa 20, wateja wanasubiri, na fundi anaitwa kutengeneza mashine isiyo na ubovu wowote.

Kuipata anwani si kazi. Fungua menyu ya printa sehemu ya mtandao, au iamuru ichapishe ukurasa wa mipangilio yake. Kwenye kompyuta ya Windows, fungua dirisha la amri uandike ipconfig: utaona anwani ya kompyuta yenyewe na ya lango, ambalo kwa duka dogo ndilo ruta. Andika anwani ya ruta kwenye kivinjari, ingia kwa nywila, na utakuta orodha ya vifaa vilivyounganishwa. Ukiona kifaa kina namba inayoanza na 169.254, ujue kiliomba anwani kikakosa wa kukipa, kikajitungia.

Kuiweka isihame kuna njia mbili. Iliyo bora ni kuiambia ruta iiwekee printa namba moja daima, ikiitambua kwa MAC yake. Ya pili ni kuiandika namba hiyo kwenye printa yenyewe. Hapo chagua iliyo nje ya fungu ambalo ruta hugawa: ikiwa inagawa kuanzia 100 hadi 200, ipe printa 50. Ukichukua namba ya ndani ya fungu, siku moja ruta itampa mteja namba hiyohiyo, na vifaa viwili vyenye anwani moja havisikilizani. Kisha elekeza kila kompyuta kwenye namba mpya, mara moja tu.

Kanuni ni nyepesi: kinachotafutwa na wengine, kama printa na kamera za usalama, kipewe namba ya kudumu, kinachopita tu kiazimwe. Namba hiyo iandike kwenye karatasi uibandike ubavuni mwa printa, na ukiwa bado ndani ya ruta, badilisha nywila iliyokuja nayo. Na printa ikigoma tena, angalia kwanza anwani kabla hujampigia fundi simu.