Nyanya Zile Zile, Kamera Mbili, Rangi Mbili



Leo tuongelee kitu ambacho wengi hatukipi uzito: rangi ya picha. Najua siku hizi mnauza kwa picha. Mnunuzi yuko Dar, shamba liko huku kwetu Iringa, na bei mnapatana kabla hata tenga la kwanza halijafungwa. Picha ndiyo sampuli. Sasa picha ikidanganya, nani analipa?

Msimu uliopita alilipa kijana mmoja wa kata yangu. Alikuwa na matenga 40 ya nyanya, na kamera ya simu yake ilikuwa imekufa. Nikamwazima kamera yangu ndogo ya dijitali, ile nyeusi ninayozunguka nayo mashambani. Akapiga, akahamishia picha kwenye simu, akamtumia mnunuzi. Nyanya zikaonekana nyekundu tupu. Mzigo ulipofika, yule mama akapiga simu: "Mwanangu, mimi nilitaka nyanya za kuuza leo leo. Hizi bado zina rangi ya chungwa. Ulipiga picha nyanya za nani?" Akakata shilingi 5,000 kila tenga. Laki mbili ikaondoka hivyo. Lakini kilichomuuma kijana zaidi ni kuitwa tapeli wakati hakudanganya.

Akanifuata: "Bwana shamba, kamera yako imeniponza." Sikuwa na jibu. Nikaazima kamera nyingine kwa mwenzangu, ya kijivu, ndogo vile vile, nikaamua kuzilinganisha.

Nilivyopima

Nilipanga nyanya sita kwenye sinia, kuanzia ya kijani mpaka iliyoiva kabisa. Pembeni nikaweka jani la mahindi na karatasi nyeupe. Kamera zote mbili niliziacha zijiamulie zenyewe rangi. Nikapiga sehemu tatu.

*Juani, saa sita mchana.* Kamera nyeusi ilizidisha. Nyanya ya rangi ya chungwa ikasogea kwenye nyekundu, na jani likakolea utadhani limekula urea juzi. Ya kijivu ilitoa picha iliyopauka kidogo, lakini nilipoishika nyanya mkononi na kulinganisha, ya kijivu ndiyo iliyosema kweli.

*Kivulini, chini ya mwembe.* Hapa mambo yaligeuka. Kamera ya kijivu iliingiza ubluu. Karatasi nyeupe ikawa na ubluu, na ukingo wa jani ukaelekea zambarau. Nyeusi ilijitahidi zaidi.

*Ndani ya stoo, taa ya balbu ya njano.* Zote zilishindwa, nyeusi ikashindwa vibaya zaidi. Nyanya ya chungwa na nyekundu huwezi kuzitofautisha. Nikamuuliza kijana alipiga wapi picha zake. Stoo, jioni.

Kwa nini inatokea

Kamera haioni rangi kama jicho. Ndani yake kuna kipande kinachopokea mwanga, na juu yake kuna vichujio vidogo sana: nusu vya kijani, robo vyekundu, robo vya bluu. Mpangilio huo alibuni Bryce Bayer wa Kodak, ukapewa hataza mwaka 1976, na kamera nyingi bado zinautumia. Baada ya hapo kamera inakisia ni mwanga gani unaopiga kitu, kisha inarekebisha rangi zote kufuata makisio hayo.

Mwanga nao haufanani. Hupimwa kwa Kelvin: balbu ya zamani ni kama 2,700 na ina unjano, jua la mchana ni kama 5,500, na kivuli cha siku ya anga safi hupita 7,000 na kina ubluu. Jicho lako linazoea bila wewe kujua. Kamera inakisia, na kila mtengenezaji ana kanuni yake ya kukisia.

Juu ya hapo kuna mapambo. Nilipofungua menyu ya kamera yangu nikakuta rangi imewekwa "Vivid", yaani ya kukoleza. Nikakumbuka: niliiweka mwenyewe wakati wa Nane Nane ili picha za vipando zipendeze, nikasahau kuirudisha. Kwa hiyo kosa lilikuwa langu.

Hasara ya pili: mbolea

Msifikiri ni suala la soko tu. Mnanitumia picha za majani niwaambie mmea una shida gani, na rangi ndiyo ushahidi wangu mkubwa. Mahindi yenye upungufu wa naitrojeni huanza njano majani ya chini, kuanzia ncha kuelekea katikati kama umbo la V. Yenye upungufu wa fosforasi huwa na zambarau yakiwa machanga. Sasa piga picha kivulini na kamera yenye ubluu, unaweza kununua DAP isiyohitajika. Piga kwa kamera ya kukoleza, njano inajificha, unachelewa kukuzia.

Fanya hivi

1. Weka karatasi nyeupe isiyong'aa kwenye kila picha. Kama karatasi imekuwa ya njano au bluu, usiamini rangi nyingine yoyote kwenye picha hiyo.
2. Piga nje mchana. Acha stoo, acha turubai la rangi, acha jua la kuzama.
3. Tafuta herufi WB kwenye menyu. Chagua alama ya jua ukiwa juani, ya wingu kukiwa na mawingu, ya kivuli kama ipo. Kamera ikiruhusu kupima kwa karatasi nyeupe, tumia hiyo.
4. Zima Vivid na mapambo mengine yote.
5. Picha ya mmea isiwe moja: jani la chini, jani la juu, na mmea mzima. Mahali zambarau au njano ilipoanzia hunieleza mengi kuliko rangi yenyewe.
6. Kwa mnunuzi, andika pia kwa maneno: "nusu zimeiva, nusu chungwa."

Mtaniuliza, ninunue ipi? Nunua ile inayokuruhusu kuweka WB kwa mkono. Nilipozipimia zote mbili kwa karatasi nyeupe na kuzima Vivid, tofauti yao ilibaki ndogo sana hata pale stoo.

Nilimpigia yule mama nikamweleza kwamba kamera ni yangu na kosa ni langu. Akakaa kimya kidogo, kisha akasema: "Haya, mvuno ujao anitumie picha, lakini hiyo karatasi niione." Laki mbili haikurudi. Mteja amerudi.