Visasili vya Kaskazini katika Majina ya Madini: Kutoka kwa Thor hadi Piana-Mwanga

1.0 Utangulizi

Kisasili ni masimulizi ambayo jamii huyatumia kueleza asili ya ulimwengu na nguvu zinazomzidi binadamu. Imani iliyokizaa inapokufa, majina yake aghalabu hayafi pamoja nayo, bali huhamia katika kalenda, ramani, maabara na hata burudani. Makala haya yanaeleza jinsi majina ya miungu na mapepo ya Ulaya, hasa ya Skandinavia na jirani zake, yalivyoingia katika istilahi za madini, yakiwamo yanayochimbwa katika eneo la Katanga ya zamani. Aidha, yanadokeza funzo ambalo mwanaisimu wa Kiswahili anaweza kulipata humo.

2.0 Miungu katika kalenda na ramani

Kabla ya kuingia kwa Ukristo, watu wa Skandinavia waliwaabudu, miongoni mwa wengine, Odin, mwanawe Thor aliyekuwa mungu wa ngurumo, na Freyja, mungu wa kike wa mapenzi. Siku ambayo Waswahili huiita Alhamisi, kwa maana ya siku ya tano katika Kiarabu, kwa Kiingereza ni siku ya Thor. Kwa Kifaransa, lugha ya shule nchini Kongo, siku hiyohiyo ni ya Jupita, mungu wa ngurumo wa Warumi. Kiswahili kinahesabu siku. Lugha hizo zinawakumbuka miungu.

Katika ramani kuna majina ya aina mbili. Aina ya kwanza ni ya urithi: mji wa Odense nchini Denmark maana yake ni mahali patakatifu pa Odin, na Tórshavn, mji mkuu wa visiwa vya Faroe, ni bandari ya Thor. Aina ya pili ni ya kubuni: volkano ilipoibua kisiwa kipya karibu na Iceland mwaka 1963, kiliitwa Surtsey, yaani kisiwa cha Surtr, jitu la moto. Waliokipa jina hawakumwabudu Surtr. Walikuwa wamemsoma vitabuni tu.

3.0 Kutoka maabara hadi kamera

Wanakemia wa Sweden walifuata njia hiyo ya pili. Jöns Jacob Berzelius aliipa elementi mpya jina la thoriamu mwaka 1829, kwa heshima ya Thor. Mwaka uliofuata Nils Gabriel Sefström aliita nyingine vanadiamu, kutokana na Vanadís, jina jingine la Freyja.

Thoriamu ilipata kazi isiyotarajiwa katika upigaji picha. Oksidi yake ikichanganywa katika kioo, lenzi hupinda mwanga zaidi bila kutawanya rangi kupita kiasi. Hivyo, hasa kati ya miaka ya 1940 na 1970, baadhi ya lenzi za kamera zilitengenezwa kwa kioo hicho. Kwa kuwa thoriamu ina mnururisho, lenzi hizo hugeuka rangi ya manjano au kahawia kadiri miaka inavyopita. Wapenzi wa kamera za kale, ambao kwao kuzikusanya ni burudani, huzianika juani au chini ya taa ya urujuanimno ili zirudie weupe wake. Wengi wao hawajui kwamba wanamsafisha Thor.

4.0 Kobalti, koltani na kiu ya Tantalus

Majina mengine yametoka kwa wachimbaji wenyewe. Katika migodi ya Saksonia nchini Ujerumani yalipatikana mawe yaliyofanana na madini ya thamani, lakini yalipochomwa hayakutoa metali iliyotarajiwa, bali moshi wenye sumu. Wachimbaji walisema ni hila za kobold, pepo mdogo wa ngano za Kijerumani. Msweden Georg Brandt alipoitambua metali iliyokuwamo, katika miaka ya 1730, jina la pepo lilibaki: kobalti. Nikeli nayo, iliyotambuliwa na Axel Cronstedt mwaka 1751, ina asili ya namna hiyohiyo. Leo Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ndiyo inayoongoza duniani kwa kuchimba kobalti, nayo hutumika katika betri nyingi za simu na kamera.

Kwa koltani, wanasayansi waliazima kwa Wagiriki. Neno hilo limeundwa kwa uhulutishaji wa majina mawili, kolumbiti na tantaliti, kama vile chakula cha jioni kilivyozaa chajio. Tantalus aliadhibiwa na miungu kusimama ndani ya maji: kila alipoinama kunywa, maji yalimkimbia. Anders Ekeberg, aliyeigundua tantalamu mwaka 1802, aliona kwamba oksidi yake ikitiwa katika asidi hainywi chochote, ndipo akaipa jina hilo. Mwaka 1844 Heinrich Rose akaiita elementi inayofuatana nayo niobiamu, kutokana na Niobe, binti Tantalus.

Huko Manono, kusini-magharibi mwa Kalemie, ardhi ina bati, tantalamu na lithiamu. Kituo cha umeme cha Piana-Mwanga, katika mto Luvua, kilijengwa katika miaka ya 1930 ili kuhudumia mgodi wa bati wa kampuni ya Géomines. Baada ya vita vya mwishoni mwa karne ya 20, kituo kilikaa kimya kwa miaka mingi. Mto ulipita, madini yalikuwapo, na mji ukalala gizani. Kisa cha Tantalus hakihitaji mfano ulio wazi zaidi ya huo.

5.0 Tahadhari: sauti si asili

Hata hivyo, mfanano wa sauti unaweza kupotosha. Katika madini ya Manono imo thoreauliti, iliyoelezwa kitaalamu mwaka 1933. Anayeisikia atadhani ni mali ya Thor, kumbe imeitwa kwa heshima ya Jacques Thoreau, mwanajiolojia wa Ubelgiji. Vivyo hivyo, Mswahili asikiapo Piana-Mwanga, jina la mahali penye mitambo ya umeme, atafikiri juu ya mwanga wa taa. Lakini mzizi -pyan- katika Kiluba na Kibemba unahusu kurithi nafasi ya mtu. Umbo la jina linaelekeza kwenye urithi, si kwenye taa.

6.0 Hitimisho

Kiswahili kimeyapokea majina haya kwa utohozi: sauti zimeingia, visa vimeachwa mpakani. Si kosa, kwani istilahi hufanya kazi bila kisa chake. Lakini mwanafunzi aelezwaye kobold na Tantalus huikumbuka kemia vizuri zaidi.

Jambo zito zaidi ni la upande wa pili. Ardhi ya Katanga nayo imeupatia ulimwengu majina, kama vile kolweziti na kipushiti. Hayo ni majina ya mahali, si ya visasili. Waluba wana masimulizi ya Nkongolo Mwamba, ambaye jina lake linahusishwa na upinde wa mvua, ya mwindaji Mbidi Kiluwe na ya mwanawe Kalala Ilunga. Waliomkumbuka Thor karne nyingi baada ya hekalu lake kubomoka waliweza kwa sababu kuna aliyeandika. Majina ya vilima, mito na maporomoko ya Tanganyika yanasubiri kazi hiyohiyo, na wazee wanaojua visa vyake hawatasubiri milele.