Pampu ya Bosi, Mafuta ya Dereva

Gari la abiria likianza kukosa nguvu mlimani, lawama ya kwanza huangukia sheli: mafuta yamechakachuliwa. Lawama hiyo haikutoka hewani. Kwa miaka mingi mafuta ya taa yalitozwa kodi ndogo kuliko dizeli, na pengo hilo ndilo lililowalipa wachakachuaji. Tanzania ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010, kisha bajeti ya 2011/12 ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa ili kuchanganya kusilipe tena. Kenya nayo iliweka tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa mwaka 2018. Uchakachuaji haujafa, lakini hauwezi tena kubebeshwa kila noza inayokufa. Sehemu kubwa ya tatizo, kwa maoni yangu, imo kwenye makubaliano ya mdomo kati ya mwenye gari na dereva wake.

Makubaliano yenyewe yanajulikana. Dereva analeta hesabu jioni na mafuta ni juu yake. Matengenezo ni juu ya bosi. Kinachobaki kwenye tenki usiku ni pesa ya dereva iliyolala ndani ya gari la mtu mwingine, na kesho huenda akaingia deiwaka. Ndiyo maana anaweka ya elfu kumi, baadaye ya elfu kumi tena, huku taa ya mafuta ikiwaka tangu asubuhi. Kwa upande wake amepiga hesabu sawasawa. Anayeumia ni mwingine. Kwenye magari mengi ya petroli pampu imo ndani ya tenki na hupozwa na petroli yenyewe, hivyo ikivuta hewa kila kona na kila mlima, inachemka na maisha yake yanafupika. Tenki la dizeli lisilojaa hubaki na hewa, na hewa ya Dar es Salaam au Mombasa haikosi unyevu. Usiku ukipoa, matone ya maji huteremka hadi chini. Injini za zamani zenye pampu ya kimakanika zilistahimili uchafu kidogo. Dizeli za kisasa husukuma mafuta kwa shinikizo linalozidi mara 500 ya upepo wa tairi la gari dogo, na noza zake hazivumilii maji wala chembe za kutu.

Wa kwanza kuziona dalili ni dereva. Asubuhi injini inazungushwa muda mrefu ndipo iwake. Gari likiwa limesimama linaunguruma vizuri, ila likipanda na abiria linakata pumzi: hapo anza na filta. Moshi mweusi wakati filta ya hewa ni safi unaelekeza kwenye noza inayomwaga. Lakini akisema, gari linalala gereji naye analala bila kitu, basi ananyamaza mpaka lizime barabarani. Fundi naye hupata zaidi kwa kubadilisha noza kuliko filta. Kwenye dizeli hizi mpya kuna kipimo rahisi ambacho bosi anaweza kudai akione kwa macho: mipira ya mafuta yanayorudi kutoka kwenye noza inachomekwa kila mmoja kwenye chupa yake, injini inawashwa, na chupa inayojaa haraka kuliko wenzake inaonyesha noza iliyochoka. Mara nyingi ni moja, si zote nne.

Wenye magari watasema: nikimwachia robo tenki, itanyonywa. Inawezekana. Ila robo iliyonyonywa inaonekana kwenye geji siku hiyohiyo na bei yake inajulikana. Bosi aweke robo mara moja tu, gari lipokelewe na lirudishwe likiwa nayo, kama wafanyavyo wakodishaji magari. Siku ya kubadilisha filta na kumwaga maji ya chini yake dereva alipwe posho, ili kusema kusimgharimu. Filta anunue bosi mwenyewe kwenye duka analoliamini, maana za bandia zipo tele.

Hayo hayatamsaidia aliyenunua gari ambalo tenki lake limeshaota kutu. Huyo alishushe lioshwe kabla ya kufunga noza mpya. Fundi atakayemwambia haina haja, atamwona tena baada ya miezi michache.