Sindano na Kalamu: Chumo la Mwanamke Lisipotee

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na masahaba zake.

Ndugu zetu katika imani, na hasa mama na dada zetu, ni nani kati yetu asiyeijua kofia ya mkono? Twaivaa Ijumaa, twaivaa Idi, twamvika bwana harusi. Wachache huitafakari kazi iliyomo. Kitambaa huchorwa nakshi, hutobolewa vitundu vidogo vidogo, na kila kitundu huzungushiwa uzi kwa sindano. Kofia moja nzuri huweza kuchukua miezi. Lamu na visiwa jirani wako akina mama waishio kwa sindano hiyo, kama walivyo wengine waishio kwa kusuka mikeka ya miyaa.

Je, mama huyu hupata haki ya jasho lake? Mara nyingi huchukua kitambaa na uzi kwa mkopo, akalipwa kidogo kidogo, na hesabu yake yote imo kichwani. Siku ya kukatiana hesabu, mwenye daftari ndiye mwenye neno. Hatusemi kuwa wafanyabiashara wote ni madhalimu, la hasha. Tunasema kuwa haki isiyoandikwa ni rahisi kupotea, hata kwa kusahau tu.

Mwenyezi Mungu ametutangulizia dawa. Katika Suratul Baqara, aya ya 282, iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ametuamrisha kuliandika deni la muda maalumu, liwe dogo au kubwa. Na Suratun Nisaa, aya ya 32, yathibitisha kuwa mwanamke ana fungu katika alichokichuma. Atalilindaje fungu hilo asiyeweza kuliandika?

Wala jambo hili si geni. Bi Zaynab binti Jahsh, mke wa Mtume, alikuwa fundi wa ngozi, akichuma kwa mikono yake na kutoa sadaka. Bi Shifaa binti Abdillah alijua kuandika zama ambazo wajuao walikuwa wachache, akamfundisha Bi Hafsa. Na hapa pwani kwetu, Mwana Kupona binti Msham alimtungia binti yake utendi mwaka 1858.

Kwa hivyo mafunzo ya ushoni yasiyo na kusoma na hesabu ni nusu ya kazi. Mama aliyehitimu Qur'ani asiitwe mjinga wa herufi. Aanze kuandika Kiswahili chake kwa herufi za Kiarabu alizozizoea, kama walivyofanya wazee wetu, kisha aongezewe za kilatini na tarakimu. Vyumba vya madrasa vilivyo tupu asubuhi, watoto wakiwa skuli, vyatosha kwa darasa hilo. Lengo la kwanza liwe daftari lenye mambo manne: siku aliyochukua kitambaa, gharama ya kitambaa na uzi, ujira walioafikiana, na kiasi alicholipwa. Tena ausome mwenyewe ujumbe wake wa M-Pesa, asimwachie mtu namba yake ya siri.

Nanyi waume, kumbukeni: chumo la mke ni mali yake, na masurufu ya nyumba yangali juu yenu. Mruhusuni aende darasani, na mumwachie daftari lake.

Mwenyezi Mungu aibariki mikono yao na atujaalie kutenda haki. Amin.